Baiskeli Iliyoachwa Kituoni

Tangu nistaafu, nyinyi vijana wa kituo hamniachi. Kila mkija kunijulia hali hapa Muyeye mwaniambia, Bi Tima, andika, usije ukaondoka na mambo yote kichwani. Nami nawajibu kwamba siondoki kwenda popote, nimehamia tu upande wa pili wa kaunta. Lakini haya, nimekaa. Kalamu ninayo, na hii haikufungwa kamba kama ile ya kituoni ambayo kila mwananchi alitaka kwenda nayo kwao. Habari za vyeo sitaandika. Nilianza konstebo nikamaliza sajenti, na wanaotaka kujua kwa nini sikupanda zaidi wawaulize walionipita. Nitaandika habari za kazi.

Nilizaliwa visiwani, Lamu ya kaskazini, katika nyumba ambayo mtoto wa kike kuvaa sare na kushika bunduki lilikuwa jambo la kuitiwa kikao. Kikao kilikaa. Nilishinda kwa sababu baba alichoka kubishana kabla yangu. Siku ya kwanza niliporipoti huku nilipewa buti za mwanamume, nikatia matambara penye vidole, nikawa natembea kama bata. Mkuu wa kituo wa zama hizo alinitazama toka juu hadi chini akasema nikasaidie jikoni. Aliyekataa ni Sajenti Katana. Alisema huyu ataketi kaunta pamoja nami, kwa sababu wanawake wanaokuja hapa wakilia wamechoka kututazama sisi.

Katana alikuwa mtu wa Mariakani, mwembamba, sauti ya chini, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi. Ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba kila anayeingia kituoni anaogopa, hata yule aliyeibiwa, kwa hivyo mkaribishe kwanza, kumwandika ni baadaye. Alinifundisha kuandika OB, kile kitabu kikubwa cha matukio, kwa maneno mafupi ambayo hakimu hawezi kuyapindua. Na alinikabidhi silaha yake kubwa, nayo ilikuwa chupa ya chai. Akasema bunduki utaitumia mara chache, Mungu akikujalia usiitumie kabisa, lakini chai kila siku. Ile chupa yangu ya maua mekundu mliyokuwa mkiicheka ni mjukuu wa ile ya Katana.

Kesi ya kwanza kunikosesha usingizi haikuwa ya mauaji wala ya wizi wa kutumia nguvu. Ilikuwa ya mwanamke mmoja kutoka huku kwenye minazi, ambaye majirani walimwahi akiwa hai. Alitaka kujitoa roho. Namna gani, sitasema. Hilo ni lake. Nyinyi mlioingia kazini juzi huenda msiamini, lakini sheria ya wakati ule ilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mtu akiokolewa akapona hospitali, sisi tunamngoja mlangoni. Basi tukamngoja. Tulipomfikisha kituoni aliketi kwenye benchi, leso ameivuta hadi usoni, akamuuliza Katana swali moja tu. Alisema, "Afande, mimi nimemkosea nani?"

Nikamwona Katana anaivua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena. Hakimu alikuwa na utu, alimwachilia, lakini soko zima lilikuwa limemwona akishuka kwenye gari letu kama mwizi wa kuku. Tulipokuwa tunarudi Katana akanipa kanuni ambayo haimo katika kitabu chochote cha polisi. Alisema ukimwona mtu ameelemewa na dunia, usimuulize kama anataka kufa. Maana akikujibu kwamba amekwisha kujaribu, itakubidi uandike, na ukiandika umemtia kizimbani. Mpe chai, zungumza naye habari nyingine, mwite nduguye aje amchukue, atoke hapa akiwa mtu huru.

Ikawa ndiyo desturi ya kaunta yetu. Neno hilo hatuliulizi. Tulilipita kando kwa heshima, kama mtu anavyopita kando ya wanaosali. Wengi waliondoka salama kwa njia hiyo, na baadhi yao nilikutana nao baadaye sokoni wakinisalimia kwa furaha. Kwa hivyo msije mkadhani Katana alikuwa mjinga. Alikuwa na huruma kubwa mbele ya sheria mbaya, na alifanya alichoweza. Alipostaafu akarudi kwao Mariakani, kanuni ikabaki kwangu.

Miaka ikapita, akaja Konstebo Musyoka. Kijana mrefu wa Ukambani, kicheko chake kinasikika hadi barabarani. Kiswahili alikuja nacho, lakini kilikuwa cha bara. Wiki yake ya kwanza alimwita bibi mmoja wa mjini kwa kusema "wewe mama, kuja hapa". Yule bibi alisahau kuku wake aliyeibwa, akamkalisha kitako, akamfundisha namna ya kumwita mtu mzima tangu shikamoo hadi mwisho. Musyoka akashika somo kwelikweli, akawa anamwamkia kila mtu, hata washukiwa. Nilimsikia siku moja akimwambia mwizi wa nazi mwenye mvi, "Shikamoo mzee, nipe mikono nikufunge pingu." Nilimpenda siku hiyohiyo.

Nikamkalisha kaunta kama nilivyokalishwa mimi. Nikamwonyesha chupa ya chai. Nikamweleza habari ya yule mama wa leso na kanuni ya Katana, naye akaielewa upesi, maana alikuwa na moyo mwepesi wa kuhurumia. Sasa nafika kwenye jambo mnalotaka niliandike, hata kama mwaogopa kuniomba kwa jina lake.

Alikuja asubuhi, jua limekwisha panda. Alikuwa mkata mawe wa kwenye timbo. Nilimjua kwa lile vumbi jeupe lililokaa kwenye nyusi. Jina lake Karisa. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, chini ya ule mwarobaini, akafuta miguu kwenye gunia la mlangoni, akatusalimia kwa adabu. Kisha akasema, "Afande, naomba mnifungie ndani. Leo tu."

Musyoka alicheka. Nani asingecheka? Siku zote watu hutuomba tuwatoe. Akamuuliza amefanya kosa gani, Karisa akasema hajafanya. "Basi hutoshi kufungwa," Musyoka akamwambia, "kafanye kosa kidogo kwanza, ndipo uje." Karisa naye akacheka. Alicheka kweli, meno yote nje. Nataka mlikumbuke hilo.

Lakini mimi nilikuwa nimeyaona macho yake. Nikawaita wote wawili kwenye benchi, nikamimina chai, nikatoa mahamri. Musyoka akakaa naye kitambo kirefu. Walizungumza habari za mbuzi, habari za mpira, na namna jiwe la timbo linavyosomwa kabla ya kupigwa msumeno. Polepole Karisa akasema nyumbani hakulaliki. Akasema mawazo hayamwachi. Halafu, akitazama kikombe, akasema, "Nikiwa peke yangu najiogopa."

Musyoka akaniangalia. Nami nikamwangalia. Swali lililotakiwa kufuata tulilijua sote wawili, lilikuwa limesimama pale katikati yetu, na sote wawili tukalipita kando. Musyoka akamuuliza, "Una ndugu?"

Ndugu alikuwapo. Tukampigia simu, akaja na pikipiki, mtu mwema, amefadhaika. Tukamwambia mwenzake amechoka, asimwache peke yake, ampeleke akapumzike. Tulisema amechoka. Karisa akapanda nyuma, akatuambia baiskeli ataijia kesho, wakaondoka, naye akageuka akapunga mkono. Nikamwambia Musyoka amefanya kazi nzuri. Akafurahi, akala mahamri yaliyobaki.

Kesho yake hakuja. Simu ndiyo iliyokuja, na kituo cha karibu ni chetu, na aliyekuwa zamu ni Musyoka. Alivyokufa Karisa ni mambo ya familia yake. Na kwa nini, hakuna ajuaye. Watu hutaka sababu moja, ya mke au ya shamba au ya kurogwa, ili wapate kusema basi ni hiyo, haitatufika sisi. Mimi sikuipata hiyo sababu moja. Musyoka alifanya yote yanayotakiwa kufanywa mahali kama pale, aliandika kwa mwandiko ulionyooka, akarudi akaketi kaunta. Mtu akamwambia pole na kazi. Huo ndio ulikuwa msaada wote tuliompa.

Niwaambie tulivyokuwa tukijitibu zama hizo. Wapo waliocheka, wakatunga mizaha ambayo nikiandika hapa mtanichukia. Wapo waliokunywa. Mimi nilipika. Nilichinja kuku, nikapika pilau sufuria nzima, nikagawa laini yote ya nyumba za polisi. Kesho yake nikapika tena. Mke wa koplo akaniuliza kwa upole kama kuna harusi ambayo hakualikwa. Nilimjibu nimeona mchele unaanza kuingia wadudu. Uongo mtupu.

Musyoka yeye aliitunza ile baiskeli. Haikujiwa, ilibaki pale chini ya mwarobaini. Kila asubuhi aliifuta, akajaza upepo, akatia mafuta mnyororo. Hakuna aliyemwambia kitu. Kisha akaanza jambo jingine. Akaanza kuwauliza watu. Kila mtu. Mama mmoja alikuja kuripoti kitambulisho kimepotea, Musyoka akaandika jina, akaandika kijiji, akainua kichwa akamuuliza, "Mama, unafikiria kufa?" Yule mama akashangaa, akasema, "Sijafika huko mwanangu, nimepoteza kitambulisho tu." Mzee aliyeibiwa mbuzi akaulizwa. Mtaliano mmoja mzee aliyekuja kwa habari ya kamera alidhani anatishwa, akatoka mbio, viatu mkononi.

Kituo kizima kilicheka, na nitasema kweli, mimi pia nilicheka, nikaenda jikoni nikalia. Mkuu wa kituo hakucheka. Alimwita ofisini akamwambia akiendelea atamtoa kaunta, ampeleke kulinda benki. Musyoka akaacha kuuliza. Siku chache baadaye akaacha kucheka pia. Chakula akawa anakisukuma pembeni ya sahani. Akampa mwenzake redio yake. Viatu vyake vizuri vya Jumapili akampa askari mwingine, akasema vinambana, na mimi nilikuwa nimemwona akivichezea muziki mwezi uliopita. Niliyaona yote hayo. Nikampelekea pilau.

Nawaambia ili mjue: mtu anayegawa vitu vyake anasema neno. Sisi polisi twajua kusoma alama za matairi barabarani, twajua kwa harufu tu kwamba mtu amelala msituni, lakini mwenzetu wa meza moja alikuwa anatuandikia hadharani nasi tukageuza uso. Desturi ya Katana ilikuwa imetuingia hadi mifupani. Tuliitumia hata juu yetu wenyewe.

Basi alasiri moja mama yake Karisa akaja kwa ajili ya ile baiskeli.

Tulimwona tangu barabarani, mama wa makamo amejifunga leso mbili, ametembea kwa miguu kutoka ndani huko, vumbi hadi magotini. Alipotaja jina lake kituo kikafanya mambo ya ajabu. Koplo akakumbuka ana doria. Mwingine akaingia chooni hakutoka. Kila mtu alijua amekuja kutuuliza kwa nini tulimrudisha mwanawe nyumbani, na hakuna aliyetaka kuwapo. Musyoka peke yake hakuondoka. Alisimama, akamwamkia, akamwekea kiti barazani. Mimi nikashika chupa ya chai, nikasimama mlangoni, maana miguu ilikataa kwenda mbele na haya ilinikataza kurudi nyuma.

Yule mama hakutulaumu. Alitueleza kwamba mwanawe alizikwa upesi. Huko kwao kifo cha namna ile hakikaliwi hanga, yaani matanga, watu hawalali nje, ngoma haipigwi, na mfiwa huambiwa asipige ukemi wa kilio ili jambo lisije likajirudia. Simcheki mtu kwa mila yake. Hata kwetu sisi Waislamu maiti kama huyo watu humzika huku wakinong'ona. Alisema amekaa na kilio chake tumboni kama mtu aliyemeza jiwe. Na mwanawe mkubwa, yule wa pikipiki, ndiye aliyemwambia kwamba Karisa alicheka hapa.

"Nimeambiwa hapa ndipo alipocheka mara ya mwisho," akasema. "Nataka kujua alichekea nini."

Musyoka akamwambia. Alianza vizuri, kwa sauti ya kazi. Akamweleza alivyoingia, alivyofuta miguu mlangoni, na yule mama akatikisa kichwa, akasema ndiye, ndivyo nilivyomlea. Akamweleza ule mzaha wa kwamba hatoshi kufungwa, na mama akatabasamu, wallahi akatabasamu. Akamweleza habari za jiwe na msumeno. Kisha akafika kwenye lile neno la kujiogopa, na sauti ya kazi ikamwisha.

"Mama, sikumuuliza," akasema. "Nilijua, nikampita."

Yule mama aliiangalia ile baiskeli inayong'aa chini ya mwarobaini, akaiangalia mikono ya Musyoka yenye mafuta ya mnyororo. "Mimi nilimzaa," akasema, "na sikumuuliza." Halafu akamgeukia vizuri, akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa. "Nawe, mwanangu, wafikiria kufa?"

Musyoka akasema, "Ndiyo, mama."

Ile chupa ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, ilibonyea tu, mmeuona ule mbonyeo wake. Lazima mwelewe jibu lile lilikuwa na maana gani katika kazi yetu. Askari akitamka neno hilo ananyang'anywa silaha, anaitwa mwendawazimu, na jina hilo linamtangulia kila kituo atakachohamishiwa. Kwa hivyo hatamki. Huyu alikuwa amelitamka barazani, mchana, mbele ya raia, mbele ya sajenti wake. Na ilikuwa ni kwa sababu mtu alimuuliza. Watu sita wa laini moja tulikuwa tumekula naye kila siku.

Mama akaanza kulia. Ulikuwa ukemi ule aliokatazwa, ukapanda kwenye mabati, ukatoka hadi barabarani. Musyoka akapiga magoti kwenye saruji, kofia ikaanguka huko, naye akalia kichwa chake kikiwa kwenye leso za yule mama. Mzee aliyekuwa amekuja kuripoti habari ya mpaka wa shamba alivua kofia yake akaketi kwenye ngazi. Mkuu wa kituo alitoka ofisini uso umekunjwa, maana makelele kituoni hayataki. Akaona. Akarudi ndani. Nikajua sasa kazi ya kijana imekwisha. Lakini akatoka tena amebeba kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakiweka karibu yao, akaketi. Tangu siku ile sikupata kumsema vibaya mtu yule, na nilikuwa na mengi ya kumsema.

Vilio vilipopungua nilimwendea Musyoka nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Nipe bunduki, mwanangu." Akanipa upesi, kama mtu anayetuliwa mtungi wa maji kichwani. Mkuu akaipokea kwangu, akaenda kuifungia mwenyewe ghalani. Jioni ileile tulimwita kaka yake aje kutoka kwao, na mpaka alipofika hatukumwacha Musyoka peke yake hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na zamu. Yule koplo wa doria alichukua zamu kuliko wote, na siku moja aliniomba radhi mimi ilhali hakunikosea mimi. Asubuhi nilivaa buibui langu nikaenda naye hospitali, kwa yule bibi mshauri ambaye sasa nyote mnamjua. Alituambia jambo ambalo ningelipata miaka ile ningewaepushia watu wengi maumivu. Alisema kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kunamfungulia mlango wa kulitoa. Kuuliza si ujinga, tangu utotoni twaambiwa. Tulikuwa tukiuliza mambo yote isipokuwa hilo.

Musyoka alipumzika miezi kadhaa, akaenda kwa bibi mshauri kila wiki, akarudi kazini taratibu. Bunduki alirudishiwa baadaye kabisa, na wakati huo yeye mwenyewe hakuwa na haraka nayo. Hakupona kwa siku moja, wala sitawadanganya kwamba aliisahau. Ila kicheko kilirudi, na wapo mliokisikia mkakiona kelele.

Baiskeli mama hakuichukua. Alisema kwao wameikataa isiingie ua. Akamkabidhi Musyoka, akamwambia aipande aende nayo kwake kumsalimia, ataishia nje ya ua, yeye atamfuata. Na kijana akawa anaenda. Jumapili moja tulikwenda naye wote, bila sare, tukabeba sukari na unga. Hatukuvunja mila ya mtu, hatukupiga ngoma. Tuliketi na yule mama nje ya ua mpaka jua likapoa, kila mtu akamtaja Karisa kwa alichokijua, na mimi nilichokijua ni kwamba alifuta miguu mlangoni kwetu.

Nilimpigia Katana simu Mariakani nikamweleza yote. Niliogopa kumuumiza, maana kanuni ilikuwa yake. Alisema yule mama wa leso bado anamuuliza amemkosea nani, mpaka leo, hata akiwa anasali. Akasema, "Basi waulizeni." Alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake, Mungu amrehemu. Hakuiwahi siku ile tuliposikia redioni kwamba mahakama kuu imesema kujaribu kujiua si kosa la mtu kushtakiwa. Nilikuwa kaunta. Nilikaa chini. Nilitaka kumpigia, nikakumbuka.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia karamu, mkanipa zulia na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya saa. Musyoka, sasa koplo, alingoja wengine waondoke. Akaniuliza lile swali lake, maneno yote, bila kulizungusha: kama nafikiria kufa. Nikacheka, nikamwambia ondoka hapa, mimi nafikiria kulala. Akasema ataniuliza tena. Akawa anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala, afande vipi, afande hujambo, halafu swali. Nimemwambia aache hiyo afande, hasikii. Na kila Ijumaa nilimjibu la, nikampa habari za magoti na za bei ya nyanya.

Lakini nyumba hii imekuwa kubwa tangu baba watoto afariki na watoto watawanyike. Asubuhi naamka saa ya zamu na hakuna zamu. Na Karisa huja. Haji kunitisha, huja na kikombe chake, akaketi, akasema lile neno lake, na mimi nakaa namwangalia Musyoka kama siku ile. Miaka yote ile nilimpikia kila mtu pilau, nikampeleka kila mtu kwa bibi mshauri, na mimi mwenyewe sikuenda. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nilikuwa nikiwaambia wengine methali hiyo. Ijumaa iliyopita Musyoka alipopiga na kuuliza, nilifungua kinywa kusema la, nikasikia sauti yangu ikisema, "Leo nimeamka vibaya, mwanangu. Kufa sifikirii, lakini kuishi kumenichosha."

Hakunipa wasia. Alisema, "Nakuja. Usikate simu."

Sikukata. Nikaiweka mezani, nikamsikia anavyohema njia nzima, anawapigia watu kengele, anamwambia mtu fulani shikamoo. Nikainuka nikateleka maji. Alipofika alikuwa amelowa jasho, ameiegemeza baiskeli ya Karisa ukutani kwangu. Akafuta miguu mlangoni, akaingia, akaketi, na mimi nikamimina chai, nikaanza kumweleza.